Majiko Matatu ya Mkaa

Mwaka ule ukungu uliteremka kwenye milima ya Uporoto ukakataa kuondoka. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne na hasira za karibu. Mume wangu alikuwa Chunya akitafuta dhahabu, nami nilikuwa nimeapa kwamba akirudi atakuta pareto yote, maua yetu ya dawa ya wadudu, imekauka tayari kwa kuuzwa.

Kila asubuhi nilichuma maua, nikayaanika kwenye vichanja. Jioni yalikuwa mabichi vilevile, na siku ya tatu yakaanza kunuka. Niliutukana ukungu kwa sauti. Mama mkwe, aliyeishi nyumba ya pili, aliyaacha maua yake shambani akakaa mlangoni akipukuchua maharage. Nilimwona mvivu, na nilichukia utulivu wake.

"Mwanangu, hili si la kugombana nalo," aliniambia.

"Mama, nikikaa tu yataoza."

"Yataoza hata ukisimama."

Kesho yake nikahamishia maua ndani. Niliwasha majiko matatu ya mkaa, nikaziba dirisha kwa matambara ili joto lisipotee. Mtoto nilimlaza pembeni. Nilijiona mjanja sana: maua yatakauka, naye hatapata baridi. Nikafunga mlango nikaenda kuchuma mengine.

Shambani palikuwa kimya mno. Hata nyumba yangu sikuiona. Sauti ya mama mkwe ikatokea humo ukunguni.

"Mbona mtoto halii? Saa yake ya kunyonya imepita."

"Amelala, mama. Ndani kuna joto."

"Joto la nini?"

"La mkaa."

Nilisikia ungo wake wa maharage ukianguka, kisha miguu yake ikikimbia.

Nilipofika alikuwa ameshamtoa nje. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi. Mama mkwe alimpulizia usoni, akamsugua mgongo, akamwita na kumwita. Mimi nilisimama tu. Nilijua nimemuua.

Baada ya muda mrefu mtoto alikohoa, akatapika, akalia.

Ukungu ulibaki palepale mpaka pareto yote ikaoza. Hasira ilinijia kila asubuhi kama kawaida, ila nilijifunza kuiacha ipite kabla sijashika kitu chochote mkononi.

Mume wangu aliporudi aliuliza mavuno yako wapi. Nilimwambia ukungu ulikataa. Mama mkwe alinitazama, akarudi kwenye maharage yake. Alikufa hajamwambia habari ya mkaa, na mimi pia sijamwambia.