Tabia Alivyoitika

Tabia hahami. Nyumba ile ya mtaa wa Bellevue, hapa Johannesburg, imegawanywa vyumba mpaka sebule yenyewe ikawa vyumba vitatu, ukuta unatoka majimaji, na mwenye nyumba ni mtu wa kelele. Lakini kila nilipomwambia shoga, twende tukapange Turffontein, jibu lilikuwa lilelile: "Naseeb anaijua anwani hii." Mimi Bushra sikuzaliwa na subira, na nilimtania kwamba mumewe akija atamkuta ameota ukungu pamoja na ukuta. Alicheka. Kuhama hakuhama.

Walioana Tanga. Tabia akatangulia Johannesburg kukaanga sambusa na bagia za kuuza, mume akafuata kwa njia ya Msumbiji na wenzake wasio na karatasi. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa bado ng'ambo ya mpaka, akasema kesho wanakatiza porini kwa miguu, ndani ya hifadhi ya wanyama. Imepita miaka kumi na ushei. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyeona kaburi. Sheikh alishamweleza Tabia namna ya kufunguliwa ndoa, akae eda, maisha yaendelee. Alikataa katakata. "Nikae eda ya mtu anayeweza kubisha hodi kesho?" Basi akawa si mke, si mjane. Wachumba walikuja wakachoka, nami nilikuwa nikimwonea uchungu hadi hasira.

Habari ya safari aliileta Mama Victorine, msusi Mkongomani wa Rosettenville, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama.

"Bamama, tumechoka kuona taa za robot barabarani na ukuta," alisema. "Tunaenda kuona banyama, kule kaskazini kabisa, fasi watu haiko mingi. Mukuje na masweta."

Nilijua Tabia atakataa. Huyu hata bustani ya wanyama ya hapahapa mjini hajaikanyaga. Akauliza swali moja tu: kama huko ni karibu na mpaka wa Msumbiji. Victorine akasema ndiyo, tena karibu sana. Tabia akasema atakuja. Hapo ndipo nilipoelewa, nikatamani safari ivunjike.

Haikuvunjika. Tulifika tumechoka, tukalala kambini, na asubuhi tukapandishwa kwenye gari la wazi la hifadhi. Aliyetuongoza alikuwa Mtsonga mmoja mpole, Hlulani, mwenye bunduki yake kando ya usukani. Tuliona twiga, tukaona nyati, akina mama wakapiga picha na vicheko kama tuko harusini. Kisha tukaingia kwenye miti ya mopane, na vicheko vikaisha bila mtu kuvikataza. Kulikuwa na jua kali na hakuna jani lililotikisika.

Simba walikuwa wamelala kivulini, jike na wenzake. Hawakuinuka. Yule jike alifungua macho akatutazama, lakini hakulitazama gari. Alitutazama sisi. Alianza na aliyekaa mbele, akahamia wa pili, kisha wa tatu, akituchukua mmoja mmoja kama mnunuzi anayechagua kuku.

"Kwingine simba huona gari ni kitu kimoja tu kikubwa," Hlulani alisema kwa Kiingereza, sauti ameishusha. "Wa huku wanajua ndani kuna watu."

"Wamejuaje?" Tabia aliuliza.

"Watu hupita hapa kwa miguu, mama. Wanaotoka ng'ambo."

"Na wasiofika?"

Hlulani aliwasha gari, akatuondoa pale.

Tulisimama kwenye kingo za mto mkavu, mahali peupe panaporuhusiwa kushuka, Hlulani akatumiminia chai. Akina mama walianza tena kuzungumza, ila kwa kunong'ona. Tabia alisimama peke yake ukingoni, kikombe mkononi, uso ameuelekeza ng'ambo. Ndipo likaja.

Lilikuwa jina. Sauti ya mwanamume, si kelele, ni mwito wa mtu aliyekuona barabarani akataka umngoje. Sikulijua jina lenyewe. Nilitazama nyuma kuona ni nani kati yetu anayeitwa, nikaona wote wameacha kunywa. Victorine alifanya ishara ya msalaba.

"Ni ndege," Hlulani alisema upesi. "Kuna ndege wakubwa huku, sauti zao kama za watu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaifuata bunduki.

Sauti ikaita tena, karibu zaidi. Nikamwona Tabia anakiacha kikombe kianguke. Nilimkimbilia nikamshika mkono. Sote wawili tumelelewa na akina bibi waliotufundisha jambo hilohilo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana ukiitika utaifuata sauti hiyo.

"Tabia, usiitike," nilimwambia. "Nakuomba, shoga yangu, usiitike."

Ikaita mara ya tatu. Tabia akauchomoa mkono wake.

"Abee!" alipaza sauti. "Abee, Naseeb! Niko hapa! Njoo!"

Sauti haikuita tena. Hata wadudu walinyamaza. Tukangoja. Nasema kweli, niliogopa kwamba hatakuja, na niliogopa zaidi kwamba atakuja. Tabia aliendelea kusimama, mikono ameinyoosha mbele kidogo, kama mtu anayengoja kupokea mzigo. Ng'ambo hakutokea mtu wala mnyama. Mwishowe Hlulani akasema twende, na hakuwa akiomba.

Njia nzima Tabia hakulia. Jioni kambini, kabla ya Magharibi, nilimuuliza lile lililokuwa likinisumbua.

"Mwanaidi ni nani?"

Aligeuka. "Umelisikia hivyo hivyo?"

"Mwanaidi. Mara tatu."

"Ni mimi," alisema. "Nilizaliwa sikukuu, bibi akaniita hivyo. Alipokufa bibi, aliyelitumia akabaki mmoja tu."

Tuliporudi Bellevue alimpigia sheikh simu, akamwambia yuko tayari kwa yote aliyomweleza zamani, siku yoyote atakayoipanga. Kisha akavua hereni, akavua bangili, akafunika kioo kwa kanga. Mama Victorine, aliyekuwa bado hajashusha mabegi yake, aliingia akashika kiuno.

"Mama Tabia, juu ya nini unafanya hivi? Hatukuona mutu, hatukuona hata mufupa. Unalilia nani?"

Tabia alikaa chini kwenye mkeka, akavuta ushungi, na machozi aliyoyazuia miaka yote yakaanza kumtoka.

"Nilimwitikia, Mama Victorine. Nilimwambia njoo. Naseeb aliye hai angekuja."

Victorine alinitazama ili nimsaidie kubisha. Sikubisha. Nilikwenda jikoni nikabandika maji ya uji, maana mfiwa hapiki.