Kabla Hujavuka Kasesya, Inua Uso

Nakumbuka vizuri alasiri moja ya kipupwe, hapa hapa Chanji, upepo unavuma mpaka kuku wanatembea upandeupande, nami nimevaa sweta la baba juu ya gauni langu la kanisani. Nilikuwa nangoja mgeni kutoka Zambia. Alikuwa mwalimu mzee wa shule ya watoto viziwi, na yeye mwenyewe alikuwa kiziwi tangu utotoni. Nilikuwa nimeomba kwenda kujitolea shuleni kwake. Parokia ilikubali, mama alikubali akilia, baba alikubali akikohoa. Alibaki yeye, na hakuwa na desturi ya kuchukua binti wa watu bila kufika kwao kumwona.

Nakusimulia haya, mwanangu wa jirani, kwa sababu juzi ulikuja kunieleza kwamba nawe unakwenda huko huko. Ulinionyesha pasipoti, ukanionyesha na alama ulizojifunza kwenye simu, vidole vinakimbia hadi nikashikwa na kizunguzungu. Nilifurahi sana, usifikiri nilinuna. Uso wangu ndivyo ulivyo siku hizi.

Mimi sikuwa na simu. Nilikuwa na picha za herufi za vidole nilizopewa na mtawa mmoja, nikazibandika ukutani jikoni. Mkono mmoja unakoroga uji, mwingine unaandika jina langu hewani. Uji uliungua sana kipindi kile. Mama naye alijaza unga wa ulezi na maharage kwenye mzigo wangu kana kwamba Zambia hawali. Kwa hiyo mgeni alipoingia uani na binti aliyekuwa mkalimani wake, niliona nimekamilika.

Nikamsalimia kama nilivyolelewa. Wazazi wako walikuja kikazi kutoka Mbeya, lakini wewe umekulia hapa, unaijua salamu ya Kifipa. Nilichutama, nikakunja viganja, nikapiga makofi taratibu, macho chini kabisa. Nikatulia hivyo. Baba alikuwa pembeni, najua alikuwa amevimba kichwa kwa fahari. Nikaviona viatu vya mgeni vimesimama mbele yangu. Nikaendelea kupiga makofi, maana mzee hajaitikia, na asiyeitikiwa haondoki. Viatu navyo haviondoki. Tulikaa hivyo kitambo kirefu.

Mwishowe mkalimani akasema kwa upole, "Mwalimu anauliza kama binti yenu hataki kuzungumza naye. Amemsalimia, amemuuliza habari, amemuuliza jina. Binti hamjibu."

"Hamjibu vipi?" baba akaruka. "Hujaona alivyochutama? Huyu mtoto ana adabu!"

Mkalimani akampa mzee maneno hayo kwa mikono, mzee akajibu kwa mikono, akitabasamu.

"Anasema adabu yake ameiona. Uso wake ndio hajauona."

Hapo ndipo nilipoelewa, na masikio yakanichoma kwa aibu. Mwenzangu alikuwa anaongea muda wote, mimi nimeangalia viatu! Kwake yeye, mtu aliyeinamisha macho ni sawa na mtu aliyeziba masikio. Nilijua herufi zote za vidole, na sikujua hilo. Mzee akasema atapita tena kesho asubuhi kabla ya kupanda lori la Kasesya, kule mpakani. Akimwona binti, wataondoka wote. Asipomwona, binti abaki nyumbani, na wala hana kinyongo naye.

Alipotoka kwenda kulala kwa katekista, baba akanigeukia. "Nikuambie mapema. Hakuna binti yangu atakayemkodolea mzee macho katika ua huu. Ukifanya hivyo huendi Zambia, huendi hata hapo Milepa."

Basi nikakwama, mwanangu. Nikiinua uso, baba ananizuia. Nikiinamisha, mwalimu ananiacha. Nilikaa jikoni nikaziangalia zile picha ukutani na kulia hasa, kilio cha makamasi. Kwenda ndilo jambo nililolitaka kuliko yote.

Mama akanituma nimpelekee bibi chakula. Bibi, mama yake baba, alikuwa anakaa chumba cha mwisho, anaota jua mlangoni. Sote tulijua masikio yake yamekuwa mazito, ndiyo maana tukimsalimia tulipiga kelele. Tulichutama, tukapiga makofi, tukaipigia ardhi kelele. Yeye alikuwa anatikisa kichwa tu, wala hasemi. Tulidhani uzee umemfanya mkimya.

Siku hiyo nilichutama kama kawaida, nikapiga makofi. Halafu, sijui ni hasira au ni nini, nikainua uso nikamtazama machoni. Nikasema polepole, bila kelele, "Shikamoo bibi. Nimekuletea chakula. Maharage ni yale ya mama."

Bibi akanikazia macho. Akacheka, akapiga paja. "Marahaba! Kumbe mnanisemesha! Miaka yote hii nadhani mnaongea na kuku!"

Alianza kuongea, hakunyamaza tena. Aliniuliza nani kaoa, kama ng'ombe wa jirani walishapatikana, na kwa nini macho yangu mekundu. Nikamweleza, yeye ananisoma midomo kama mtu aliyeshikwa na njaa. Sikujua kwamba baba amesimama nyuma yangu.

Baba alikuja akachutama mbele ya mama yake, akapiga makofi kama kila asubuhi. Kisha, taratibu, mtu mzima yule, akainua uso.

Bibi akamwangalia usoni. Akamgusa kichwani. "Mwanangu," akasema, "lini umeota mvi?"

Nilimwona baba akifuta macho kwa mkono wa shati. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia.

Asubuhi mgeni alipofika, nilichutama, nikapiga makofi, nikainua uso. Nikaandika jina langu kwa vidole, nikakosea herufi moja, akanisahihisha akicheka. Baba alikuwa wa kwanza kubeba mzigo wangu. Bibi naye alikuwa ameshamvuta yule mwalimu akae karibu yake, wanachekeana kwa mikono, kila mmoja na alama zake mwenyewe, na dereva wa lori akapiga honi mpaka akachoka.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo. Usiwe na haraka ya kuonyesha unachokijua. Alama za kule nyingine ni tofauti na hizo ulizojifunza, na watoto watakucheka. Waache wakucheke, uso wako ukiwa juu waone nawe unacheka. Adabu ya kwetu usiitupe, nenda nayo, ila uliza kwanza mwenzako anaheshimiwaje kwao. Na anza kujitolea hapa nyumbani, kwa aliye karibu yako, kabla hujagongewa muhuri mpakani.

Maana juzi ulinisalimia vizuri sana, macho yako kwenye simu. Nilikuona unachezesha midomo, nikatikisa kichwa. Nilisikia "shikamoo" na "Zambia" tu. Mengine sikusikia, na niliona haya kukuambia. Yule bibi wa mlangoni sasa ni mimi.

Basi njoo kesho, kabla ya safari. Chutama kidogo kama magoti yanakubali, inua uso, uniambie yote upya. Mungu akutangulie njiani, akupe mikono mepesi na moyo usiochoka, watoto wale wakupende kama wa zamani walivyonipenda mimi. Akurudishe salama, unikute hapa mlangoni naota jua, nikutazame vizuri na kukuuliza lini umekua hivi.