Chikwanga Ndani ya Sashe

Mume wangu alikuwa fundi cherehani sokoni Rumonge, na kitu chochote kilichotoka Bujumbura alikiamini kabla hajajua kazi yake. Miaka michache baada ya uhuru, duka alilolishonea lilianza kuletewa mashati yaliyofungwa kwenye sashe za plastiki. Wateja walichukua mashati. Yeye alikusanya sashe, akaziosha na kuzianika kwenye kamba kama nepi.

Mama mkwe wangu aliuza chikwanga kwa wavuvi. Mihogo tuliiloweka, tukaitwanga, tukaifunga kwa majani ya ndizi na kuichemsha. Nyumba nzima ilikula kwa jina lake. Wavuvi wangeanza kuisema vibaya chikwanga yake, tungelala njaa. Majani yalitoka kijiji cha Gatete juu ya kichwa changu, kwa hiyo mume wangu alipoanza kunitetea kwa mama yake, sashe mkononi, sikumzuia.

"Mama, majani inachosha watu. Hii unaosha, inarudi ku kazi. Tena haiozi."

"Haiozi?"

"Hata kidogo."

"Sasa kitu haiozi, nikimaliza nayo nitatupa wapi?"

Lakini alikuwa mwanawe wa pekee, akapewa sufuria moja ya kujaribu.

Sashe zilizogusa sufuria ziliyeyuka. Nyingine zilijikunja zikaganda kwenye chikwanga, na jikoni kukanuka taa ya mafuta. Mume wangu akasema harufu itaisha ikipoa. Wavuvi walizibeba chikwanga hizo ziwani usiku kwa kumwamini mama, na asubuhi wakarudi nazo, wana njaa, wakazipanga mbele yake.

"Mama," mmoja alisema, "hii tulitupia hata samaki. Ikaelea, ikaingia mu wavu, tukaivua tena."

Mama mkwe akamwita mwanawe kutoka kwenye cherehani. "Kula."

Alikula mbele ya soko zima, akibandua plastiki kwa meno. "Iko muzuri, mama. Iko muzuri kabisa."

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Wavuvi walicheka hadi hasira ikawaisha, na kesho yake walinunua tena, baada ya kuyakagua majani. Tangu hapo majani ya Gatete akawa anayafuata yeye, kwa baiskeli. Sashe zilizobaki alizikusanya, akazifunga fundo la kifundi, akazizika nyuma ya nyumba ili majirani wasahau.

Mwaka wa 1972 alitoka kufuata majani, hakurudi. Wengi hawakurudi mwaka ule wa mauaji.

Baadaye sana, mama mkwe naye ameshatangulia, nililima nyuma ya nyumba nipande migomba yangu mwenyewe. Jembe likaibua sashe zile, nzima, maandishi yake mekundu yanasomeka, na fundo la mume wangu bado limekaza. Nilicheka, maana nilimsikia mama mkwe akiuliza atatupa wapi. Kisha nikalia sana. Nikazifuta udongo, nikazirudisha shimoni bila kulifungua fundo, kwa sababu kaburi lake jingine sina.