Mikebe ya sukari Wandegeya: kwa nini biashara ilishika barazani kwangu, dukani kwa kapteni ikakataa

Si barabara, wakuu. Wala si umeme, wala pango rahisi.

Kuna mtu hapo nyuma anajikohoza aniulize, bibi, mji gani unafaa kufungua biashara, lokesheni nzuri unaijuaje. Nimemjibu kabla hajafungua mdomo. Kaa mwanangu, usikilize.

Mimi sikusoma. Shule niliiona kwa nje nikipita na ndoo kichwani. Wajukuu wamenionyesha pa kubonyeza kwenye simu, naongea, yenyewe inaandika. Ukiona nimeropoka, nimeropoka mimi, msiisingizie simu. Ila ninayosema yalitokea, na macho yaliyoona ni haya haya, siku hizo hayajadai miwani.

Nimezaliwa Kibuli, nikaolewa Kyebando. Chai niliuza Wandegeya, hapo hapo Kampala, enzi za serikali ya wanajeshi, tangu kabla Wahindi hawajafukuzwa.

Nilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa. Mhindi mwenye duka ndiye alinipa ile sehemu. "Wewe kaa hapa bibie. Mtu kinywa iko kwa chai yako, macho iko kwa kitambaa yangu." Nilikuwa namwigiza hivyo mbele yake mwenyewe, anacheka mpaka anasahau amepima wapi.

Amri ya kuwafukuza ikaja, akaondoka na sanduku moja. Duka akapewa kapteni mmoja wa jeshi.

Sasa hiyo lokesheni yenu. Ilikuwepo, sikatai. Wanafunzi wa chuo kikuu wanateremka kilima na njaa, manesi wanatoka zamu, polisi wa kituoni, watu wa soko. Kivuli kipo. Bomba la maji lipo uani.

Lakini vyote hivyo kapteni alikuwa navyo pia. Tena yeye alikuwa na kuta.

Shida ya wakati ule ilikuwa sukari. Hakuna. Ukiipata kwa magendo unaificha kama umeiba mtoto wa watu. Ukitembea nayo mfukoni, askari wa kizuizini anakupapasa, anaichukua, anakuambia asante. Ukiiacha hosteli, wenzako wanailamba. Nesi akiiacha wodini, akirudi anakuta karatasi.

Kwa hiyo nikawaambia kastoma wangu, mwenye sukari yake aniletee, nitamtunzia. Kila mtu na mkebe wake, mikebe ya maziwa ya unga iliyoisha. Wewe unalipa majani, maziwa na moto. Sukari natoa kwako, natia kwenye kikombe chako, wewe unaangalia.

Kuandika majina sijui. Nikafunga alama juu ya kila mkebe.

Fundi cherehani, Muganda wa baraza lile lile, nilimfungia kifungo. Huyo kila asubuhi lazima alalamike. "Nnyabo, mama, sukali yangu imepungua. Nani amelamba?" Namwambia, umelamba wewe jana, ulikuwa na mgeni, ukajifanya tajiri.

Mwanafunzi mmoja mrefu nilimfungia kifuniko cha kalamu. Yule Kiswahili chake kilipitia puani. "Actually, mama, hii ni kama bank." Nikamwambia benki wanaingia watu wenye viatu, wewe unavaa ndala, kunywa chai.

Sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, mpole, nilimfungia kizibo cha bia, kwa sababu kila mwezi alisema ameacha pombe. "Mama, sukari ya mimi nalala vizuri?" Namjibu imelala, afande, haikoromi.

Na kulikuwa na mkebe mkubwa kuliko yote, wenye kitambaa cha kijani. Huo ulikuwa wa mama mmoja mnene, haongei, anakuja asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na kikombe chake mwenyewe cha bati. Siku ya kwanza aliniambia neno moja tu: usimwambie mtu.

Alikuwa mke wa kapteni.

Ndiyo. Mke wa huyo huyo mwenye duka nyuma ya mgongo wangu.

Nilimuuliza? Sikumuuliza. Lakini mimi nakaa Kyebando, na mtaani kwetu Kyebando kulikuwa na binti mmoja amepangishiwa nyumba, gari la kapteni linalala pale, na yule binti ndiye peke yake mtaa mzima alikuwa anakunywa chai tamu. Akili yangu haikwenda shule lakini hapo ilifika yenyewe.

Turudi kwa kapteni. Alikuwa anaongea kama mtu amemkanyaga kidole. Vitambaa alivyovikuta aliviuza na kuvigawa, vikaisha. Vingine hajui vinatoka wapi. Akabaki na rafu tupu, na kengele ya mlangoni isiyolia. Anakaa kwenye kaunta, bastola iko pale palipokuwa na futi ya kupimia ya Mhindi, anatazama mgongo wangu umezungukwa na watu.

Siku moja akatoka. "Wewe mama. Hii watu yote nakuja kwa wewe, hapana ingia duka ya mimi. Kwa nini?"

Nikamwambia, afande, waingie kununua nini, kengele?

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mimi mwenyewe nilisikia nilichosema kikiwa kimeshatoka.

Kesho yake bomba likafungwa kufuli.

Nikasema sawa. Nikawa nabeba maji kutoka sokoni. Wanafunzi wakaanza kuja na madumu yao. Sajini naye, na yunifomu yake, anashuka na ndoo kama bibi harusi wa pili. Foleni ya chai ikarefuka.

Hapo ndipo akaitafuta njia nyingine. Wakuu, enzi zile kuficha sukari haikuwa kesi ya mchezo. Ulitiwa kwenye buti la gari, na nyumbani wanabaki wanauliza tu.

Asubuhi moja akaja na gari na wanajeshi wawili. Mikebe yangu iko kwenye benchi, imepangwa kama watoto wa madrasa.

"Hii sukari yote ya nani?"

"Ya wenyewe, afande."

"Wenyewe nani? Taja jina."

Kila mtu akaangalia ndani ya kikombe chake. Niwaambie ukweli, jina la sajini lilinifika hapa kwenye ulimi. Nimtaje, ana cheo, atajitetea, mimi nirudi kwa wanangu.

Halafu nikajiuliza, nikitaja mmoja leo, kesho nani ataniachia hata chumvi? Nitakuwa na birika, na jiko, na kivuli, kama yeye alivyo na rafu.

Nikamwambia, "Kusoma sijui, afande. Majina siyajui. Mimi najua vijiko."

"Basi ni ya wewe. Wewe naficha sukari ya serikali. Pakia."

Mwanajeshi akashika mkebe wa kwanza. Sajini akaweka kikombe chini, taratibu, kama kina mtoto ndani.

"Hiyo ya kizibo ni ya mimi, afande."

Halafu fundi, sauti nyembamba kama uzi wake: "Ssebo, afande, ya kifungo ni yangu. Sukali kidogo tu, ssebo."

Yule mwanafunzi akasimama. Kiingereza kilikuwa kimemkimbia chote. "Kifuniko cha kalamu. Yangu mimi."

Nesi akasema yake. Muuza nyanya akasema yake. Mkebe baada ya mkebe ukapata mtu, na kapteni hawezi kupakia sajini na nesi na nusu ya soko kwenye buti moja.

Ukabaki wa kijani.

Akaunyanyua, akaupima mkononi, akacheka. "Hii kubwa hapana mtu. Hii ni ya wewe. Sema ya nani, ama panda gari."

Kumbe ameshika sukari ya mkewe, hajui. Na mimi najua. Neno moja tu ningesema, aibu ingekuwa yake na salama ingekuwa yangu. Lakini yule mama aliniambia usimwambie mtu, na hakuniambia isipokuwa ukitishiwa.

Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikamwambia, "Hiyo hasa, afande, hata ukinipandisha hutaisikia kwangu. Fungua mlango wa gari."

Niliutazama uso wake mpaka mwisho.

Na wakati mwanajeshi anafungua mlango, yule mama akatokea upande wa soko na kikombe chake cha bati. Akaangalia gari. Akaangalia mikebe. Akaangalia mkono wa mumewe.

Ngojeni kwanza, nisisahau mlichokuja kutafuta.

Vijana, mnaniambia sasa Kampala kuna mtandao, kuna mkopo, kuna barabara ya lami mpaka chumbani. Vizuri. Lakini ukitaka kujua mji unafaa biashara, angalia kitu kimoja. Mtu anaweza kuacha kitu chake kwa mtu asiye ndugu yake, akaenda kulala, asubuhi akakikuta? Wakubwa wa mji ule walifanya kazi usiku na mchana watu wasiaminiane. Sisi pale barazani tulikataa. Ndiyo ilikuwa lokesheni yangu.

Kapteni aliondoka siku hiyo bila mkebe hata mmoja. Kufuli la bomba lilitoka, sikuona nani alilitoa. Duka lilipewa mwingine, naye hakunigusa, habari zilikuwa zimemfikia. Mimi nilikaa baraza lile mpaka serikali yao ikaanguka, na nikaendelea kuuza walipokuwa wanaporwa wao.

Nyie mlioanzisha biashara miaka migumu, Kampala au kwingine, semeni hapa chini nani aliwaachia mkebe wake. Na mwenye kunibishia abishe, meno bado ninayo ya kutosha.

Sasa yule mama. Hakupiga kelele. Alisogea, akanyoosha mkono, akasema, "Leta. Hiyo ya mimi."

Kapteni akatabasamu kwa ajili ya watu. "Mama Zubeda, rudi nyumbani, hii kazi ya serikali. Kama ni ya wewe, sukari nafanya nini hapa? Nyumbani hapana kabati? Hapana kufuli?"

Yule mama akauchukua mkebe mkononi mwake, akanipa mimi. Akamjibu, na Wandegeya nzima ilisikia:

"Kabati iko, kufuli iko. Lakini nyumbani iko mwizi, na mwizi ni wewe."