Spika ya Kushoto

Ngusa alikuwa na hakika kwamba spika yake ya kushoto inakufa. Alimwambia hivyo mkewe, Dorah. Alimwambia fundi redio wa sokoni Kagongwa, ambaye aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema haina ugonjwa wowote. Mwisho akamwambia Maganga, mwalimu wa kwaya, aliyefika Jumatatu asubuhi akiwa amenuna.

"Mwangaluka, Ngusa."

"Mwangaluka, mwalimu. Mbona uso umefungwa kama duka la marehemu?"

"Usinichekeshe. Jana tumepiga nyimbo ulizoturekodia, kanisa limejaa. Waliokaa kushoto wanaziba masikio, wa kulia wanaulizana kama umeme umekatika. Sauti zote umezirundika upande mmoja, kama mkokoteni uliopakiwa na mlevi!"

"Ni spika hii, mwalimu. Nikichanganya nyimbo naona kushoto kunapwaya, basi naongeza. Kumbe yenyewe ndiyo mbovu."

"Basi itengeneze. Jumamosi tunarekodi wimbo wa wale vijana wetu waliofukiwa na kifusi duarani, kule mgodini. Mama zao watausikiliza. Ukishindwa niambie mapema, niwapeleke wanakwaya studio ya Kahama."

Kwaya ile ndiyo iliyobeba studio. Wengine walikuja kurekodi tangazo la duka au wimbo wa harusi, wakapotea. Na studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma tu, kuta zimebandikwa vipande vya godoro na trei za mayai, lakini Ngusa alikiingia kama mtu aingiavyo hospitali akitokea vitani. Kabla ya hapo alikuwa machimboni Mwakitolyo, kwenye karasha, lile pipa kubwa la chuma linalozunguka na gololi ndani yake, likisaga mawe ya dhahabu hadi yawe unga. Aliyewahi kusimama karibu na karasha anajua: ukiongea, unaona midomo tu.

Pale Ngusa alikuwa na sifa. Wenzake walisubiri muda upite, wakazima mashine, wakafungua kuona kama mawe yamesagika. Yeye hakufungua. Alisogea, akainamisha kichwa, akalitegea pipa sikio, karibu kabisa. Mawe yakiwa mabichi gololi hugonga kwa kishindo. Yakilainika, mlio hunyooka. "Yameiva," alisema, na kweli yameiva. Waliojiziba masikio kwa pamba aliwaita mabibi harusi. Wenye mawe walipanga foleni kwake. Mtu mwenye sikio la namna hiyo, walisema, angefaa hata kwenye muziki. Naye akaamini, akaja Kagongwa kuujaribu.

Alipoondoka Maganga, Ngusa aliamua kuikamata spika ile na ushahidi. Aliweka kiti mahali pake pa siku zote, umbali sawa kutoka kila spika. Akafungulia ule mvumo wa kupimia, unaofanana na mvua juu ya bati, na kwenye simu akawasha programu inayosoma ukubwa wa sauti. Simu aliishika pale kichwa chake kinapokaa. Akawasha spika ya kulia peke yake. Ikasoma sabini na tano. Akaizima, akawasha ya kushoto. Mvua ilinyesha mbali, kama vile ni ya kijiji cha pili.

Simu ikasoma sabini na tano.

"Simu nayo imeharibika," alisema kwa sauti.

Akarudia. Ikawa ile ile. Akazibadilisha spika, ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaja kulia. Ajabu! Ile mgonjwa ilipofika kulia ikapona, na ile nzima ilipofika kushoto ikazimia. Ngusa alikaa. Kisha akafanya jambo ambalo lingekuwa mchezo wa watoto siku nyingine: akakigeuza kiti, akazipa spika mgongo.

Sasa iliyokuwa mbali ikaja karibu. Iliyokuwa karibu ikaenda mbali.

Aliinua mkono akaligusa sikio la kushoto, lile alilokuwa akilitegea karasha. Akalisugua kwa kidole. Akapiga ukucha mbele yake, tik, tik. Kidole alikihisi. Mlio hakuusikia.

Dorah alimkuta hivyo, uso ukutani. "Baba Kudra, nakuita tangu nje. Chakula kinapoa." Alikuwa amesimama kushoto kwake. Akazunguka mbele, akaona macho yake. "Kuna nini?"

"Spika ni nzima."

"Si ndiyo vizuri?"

Baadaye alipomweleza, Dorah alishika uzi wa matumaini: si simu inapima? Asikilize simu. Ngusa akatikisa kichwa. Simu ingemwambia spika ziko sawa. Isingemwambia sauti ya mama anayeimba akilia ikae wapi katikati ya kwaya.

Alimpigia Maganga mwenyewe. "Wapeleke Kahama, mwalimu."

"Spika imeshindikana?"

"Imeshindikana."

Wimbo wa wale vijana ulipotoka, Kagongwa nzima iliupiga. Kwaya haikurudi. Matangazo nayo yakafuata kwaya, na mwezi wa mvua Ngusa akabandua kipande kimoja cha godoro ukutani, akakitia mfukoni, akapanda pikipiki kurudi Mwakitolyo.

Karasha lilikuwa pale pale. Jilala, mwenye mashine, alimpokea kwa shangwe. "Fundi wa masikio karudi! Njooni muone, huyu hafungui pipa!" Watu wakasogea. "Haya kaka, tuambie. Yameiva?"

Ngusa alisimama mbele ya pipa. Upande wa kushoto hakuwa na sikio la kulitegea tena. Lilibaki la kulia tu, lile alilosikilizia sauti ya mkewe. Wote walikuwa wanamtazama. Akatoa kile kipande cha godoro, akakikunja, akakisukuma ndani ya sikio la kulia mpaka kelele ikawa tetemeko la miguuni tu.

Midomo ya Jilala ilicheka. Mmoja akajifunika kichwa kwa fulana kama shela, akazunguka akikata kiuno. Bibi harusi.

Ngusa aliwapa ishara wazime. Pipa liliposimama alilifungua kama wafanyavyo wengine wote, akachota unga, akausugua kati ya vidole.

"Bado," alisema, bila kujua amesema kwa sauti gani. "Washeni."