Mtani Aliyegeuka Mkwe

Mimi si mwanamuziki. Nianze na hilo, maana hapa Newala wapo wanaodhani niliwahi kupiga gitaa katika bendi fulani kubwa ya zamani. Uvumi huo sikuuanzisha mimi, ila kuukanusha nako sijawahi. Ukweli ni kwamba nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko. Gitaa nililishika mara moja tu, kwenye harusi ya jirani, na mwenyewe akanipokonya kabla sijajua linashikwa upande gani. Lakini kusikiliza, jamani, kusikiliza naweza. Nikikaa dukani na hedfoni masikioni, mteja anaweza kutaja mnyororo nikampa plagi, naye akaondoka nayo hivyohivyo kwa kuona nilivyofumba macho.

Tuna kundi letu la wasapu, sisi wapenzi wa dansi la zamani wa Newala, Kitangari na Masasi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mmoja wetu anarusha wimbo, wengine wanausikiliza, halafu tunaujadili. Ndiyo kanuni. Sasa njoo uone huo mjadala wenyewe. Umerusha wimbo mrefu, magitaa matatu, na kabla haujamaliza hata kupakuliwa kwenye simu za watu, makofi yamejaa tele: "Moto!" "Kaka umetisha!" "Hapo umeua!" Kuna mwalimu mmoja mwenyeji wa Bukoba ambaye husifu nyimbo hata zile anazokiri mwenyewe kwamba bando lake halikutosha kuzifungua. Sifa za namna hiyo nilizipokea kwa mikono miwili, siwezi kukataa, ila zilikuwa hazinishibishi.

Aliyekuwa ananishibisha ni mtani wangu.

Huyu ni Mmakua wa Lisekese, kule Masasi, mkulima wa korosho na ufuta mwenye mashine ya kusaga. Mimi ni Mmakonde, na huku kwetu Mmakonde na Mmakua ni watani tangu enzi za mababu: anaweza kunitukana mbele ya mke wangu, nami nikamkaribisha chakula. Tulikutana kwenye mgahawa mmoja pale Masasi siku nimeteremka kununua mali ya duka. Redio ilikuwa inapiga wimbo, nikamwambia mhudumu, kwa sauti ya kuwafaidisha na wengine, kwamba gitaa la solo kama hilo halijatokea tena nchini. Mtu wa meza ya pili akasema bila hata kugeuka, "Gitaa? Mimi nilidhani mpishi anakwangua ukoko." Nikamuuliza kabila lake. Aliponiambia, nilivuta kiti nikahamia mezani kwake, chai ikapoa, na mali ya duka nikaja kuikumbuka maduka yameshafungwa.

Tangu hapo Jumapili zangu zilikuwa na maana. Mimi ni mtu wa magitaa, yeye ni mtu wa tarumbeta na saksafoni. Nikirusha wimbo anakaa kimya mpaka uishe, kwa sababu yeye husikiliza hadi mlio wa mwisho, hakati katikati. Kisha inakuja sauti yake, nyuma yake mashine inanguruma: "Nyie Wamakonde wa huko juu maji hamna, hayo masikio mnaoshea nini? Huyo wa besi kalala toka ubeti wa pili, halafu wewe unatuletea eti moto!" Narudi kusikiliza. Kweli bwana, wa besi kalala. Nami namjibu, "Mla panya mkubwa wewe, hayo matarumbeta yako ni mbuzi waliofungiwa stoo." Anacheka mpaka anakohoa. Na najua huko aliko naye anarudia kusikiliza, maana baada ya muda anaandika: "Yule mbuzi wa kushoto ni kweli."

Kwa hiyo mtu mmoja tu duniani alikuwa anasikia ninachosikia, na alikuwa ananiambia kwa matusi. Mke wangu alizoea kusema kwamba sisi wawili tungefungishwa ndoa, nyumba yake ingetulia.

Sasa basi. Jumapili moja nikarusha wimbo niliojua atauchanachana. Niliuchagua makusudi, ule wa solo linalopiga peke yake mpaka unasahau kama kulikuwa na mwimbaji. Nikavuta kiti barazani, nikatulia kusubiri matusi yangu. Safari hii haikuja sauti, yakaja maandishi: "Habari za mchana, mkubwa. Wimbo ni mzuri. Asante sana."

Nikajua simu yake imeibiwa. Nikamwandikia, "Vipi, panya wamekuishia?" Hilo nalo halikumwamsha. Nikatafuta wimbo mbovu kuliko yote niliyo nayo, uliorekodiwa kwenye sherehe ya watu, kinanda kina funguo zilizokufa, mwimbaji anasikika katikati akiomba maji ya kunywa. Nikamtumia yeye peke yake. Akajibu: "Huu pia ni mzuri. Mbarikiwe."

Mbarikiwe! Mtani akianza kukuheshimu ujue kuna jambo: ama anaumwa ugonjwa asioutaja, ama umemkosea kosa lisilosemeka. Nilipokaa kula nikawa nazungusha tonge tu kwenye sahani. Mke wangu akanitazama, akaangua kicheko, akatoka nje na kanga mdomoni. Niliona ni ukatili wa wanawake.

Kesho yake nikafunga duka, nikateremka Masasi, nikachukua bodaboda hadi Lisekese. Njia nzima natunga matusi ya kumwamsha. Kijana wa bodaboda alinisikia nikiyajaribu kwa sauti, akapunguza mwendo akaniuliza kama tunakwenda kwenye ugomvi.

Nilimkuta mtani wangu amevaa shati lililopigwa pasi. Mtu niliyemzoea na fulana, unga hadi kwenye nyusi! Akanitolea kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaagiza soda iletwe, mwenyewe akaenda kukaa kule mwisho wa baraza, macho chini. "Karibu sana, mkubwa. Nyumbani hawajambo?" Nikamwambia, "Umeanza lini kuoga?" Akatazama miguu yake. Nikamwambia lile tarumbeta lake la majuzi limewakausha maziwa mbuzi wa mtaa mzima. Nikaona mdomo unamcheza. Akaubana. Halafu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, akaniuliza mvua za huko juu zinaendeleaje.

"Shemeji," mkewe akaniita kutoka uani, anajizuia kucheka, "kwani wewe hujaambiwa?"

Basi nikaambiwa. Kijana wao, fundi simu wa pale Masasi mjini, na binti yangu, anayefundisha chekechea hapa Newala, wamependana. Akina mama wameshazungumza, posa inaletwa mwezi uleule. Shemeji yangu wa Kitangari, kaka wa mke wangu, ameshakubali kupokea wageni, na kwetu huyo mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa ya mpwa wake. Baba hupewa habari. Na wazee wa Lisekese walikuwa wameshamkalisha mtani wangu kitako wakamwambia: yule si mtani wako tena, ni mkwe wako. Mkwe hatukanwi, hachekwi, hafanyiwi mchezo. Mkwe anapewa kiti kizuri.

Nikashuka kwenye kile kiti kizuri nikarudi nyumbani nimefura. "Kwa nini sikuambiwa?" Mke wangu alikuwa anapeta choroko, hata kichwa hakuinua. "Nilikuambia. Ulikuwa na hayo madude yako masikioni. Nikakuuliza, baba, umekubali? Ukafumba macho, ukasema, 'Aaah, hapo sasa!'"

Nikakumbuka hata wimbo wenyewe. Ulikuwa umefika kwenye chemko, pale magitaa yanapochachamaa, na mtu yeyote mwenye masikio angesema hapo sasa.

Nilimwita binti yangu. Nilikuwa nimejipangia maswali ya kibaba: kazi, tabia, ukoo. Nikakohoa, nikaweka uso wa mzee, mdomo ukafunguka wenyewe ukauliza, "Huyo kijana anasikiliza nini?"

"Singeli," akasema. Ule muziki wa vijana wa mbio za kompyuta, gitaa hata moja hakuna.

Nikasimama. "Unaona sasa! Unaona!"

Macho yakamjaa machozi, lakini hakuinamisha kichwa, huyo ni mama yake mtupu. "Baba, mimi nimempenda. Mjomba kakubali, ila kasema wewe ukikataa na yeye anarudi nyuma. Kwa hiyo sema mwenyewe. Unamkataa kwa sababu ya singeli, au kwa sababu ya baba yake?"

Loh. Mtu mzima mimi, mwenye duka, nilitafuta pa kuficha uso nikaishia kuchezea betri ya redio. Kwa maana ni kweli, njia nzima kutoka Lisekese nilikuwa natafuta kasoro ya yule kijana. Nilishafika kwenye viatu vyake. Mtoto wangu angekosa mume ili mimi niendelee kuambiwa nina masikio machafu.

"Nimekubali," nikasema. Akapiga magoti akanishukuru. Nilijisikia mwizi aliyerudisha kuku akapongezwa kwa ufugaji.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa mara moja. Nikaenda Kitangari kwa shemeji yangu na sukari mkononi. Nikamweleza kwa adabu zote: heshima tutapeana, tena kubwa, misibani, harusini, njiani, ila je, haiwezekani Jumapili baada ya chakula, kwenye simu tu, kwa mambo ya muziki peke yake, tukaruhusiwa kidogo? Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anaokota majani makavu chini ya mkorosho wake.

"Shemeji," akasema, "una miaka mingapi?"

Nikamtajia.

"Haya, nenda nyumbani."

Zikaja Jumapili za adabu. Nikirusha wimbo, kundi zima "Moto!", kisha naye: "Mzuri, mkwe." Nikaanza kuzitukana nyimbo zangu mwenyewe ili angalau mtu abishe, watu wakaniuliza kama naumwa. Nikamfuata yule mwalimu wa Bukoba, nikamwomba, nikambembeleza: "Hebu nitukane, sema wa besi kalala." Akasema, "Siwezi kaka, mbona anapiga vizuri?" Nilitamani kumrushia simu. Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nasikia kosa kwenye wimbo, nainua simu nimwambie mtani, nakumbuka, naiweka chini.

Harusi ilifanyika hapa Newala baada ya watu kuuza korosho. Turubai, viti vya kukodi, maji ya kupikia yaliyotafutwa wiki nzima, na sabufa kubwa kupita mahitaji. Mimi na yeye tukakalishwa meza moja, wazazi, suti mpya, maua ya plastiki vifuani. Wazee wa pande zote mbili wamekaa nyuma yetu. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa ni zamu ya kuwaenzi wazazi, akapiga dansi la zamani.

Ukawa wimbo ambao sote wawili hatujawahi kuurusha kwenye kundi. Unakwenda vizuri, magitaa yanazungumza, mara tarumbeta likaingia kabla ya zamu yake. Likapiga kipande, likashtuka, likanyamaza, kisha likaingia upya kana kwamba hakuna aliyeona. Chini ya turubai lile lote waliosikia walikuwa watu wawili. Kiti chake kililia. Changu pia. Tusi likanijia palepale, tusi bora kuliko yote niliyowahi kutunga, limekamilika, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikageuka. Naye alikuwa amegeuka nusu, mishipa ya shingo imemsimama, macho yamelowa kwa kicheko alichokibana. Shemeji yangu wa Kitangari akakohoa nyuma yetu.

"Wamepiga vizuri, mkwe," akasema mtani wangu.

"Vizuri mno, mkwe," nikasema.

Binti yangu alikuwa katikati anacheza na mumewe, mikono juu, anacheka meno yote nje, na ile furaha yake niliifurahia kwa moyo wangu wote. Hapohapo machozi yakanitoka. Si matone, kilio, mpaka ua la plastiki likatikisika kifuani. Akina mama wakapiga vigelegele, wakaanza kuambiana kwamba baba wa watu ana uchungu wa kumtoa mwana, na mmoja akaniletea leso yake. Niliipokea nikashukuru. Aliyejua ninachokililia alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono mapajani, anatazama chini kwa heshima.