Pikapu Inayotaka Watu

Nilipostaafu ufundi wa malori Morogoro na kurudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Kiomboi, nilikuta pikapu ya marehemu baba nyuma ya nyumba. Matairi yote manne yamelala, kutu imekula milango, kuku wa jirani wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nilifurahi. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, na watoto wako mbali, simu zao ni za salamu tu. Nikajiambia, angalau nimepata wa kuongea naye.

Na kweli niliongea nalo gari lile, nikilitukana na kulibembeleza kwa miezi mitatu. Niliziba matairi na kuyajaza upepo, nikasafisha kabureta kwa mswaki wangu wa zamani, nikasugua platini za kutoa cheche kwa msasa, nikachokonoa udongo wa nyigu waliojenga ndani ya bomba la moshi. Kilichonishinda ni stata. Ilikuwa imekufa kabisa, na ya kufanana nayo haikupatikana Kiomboi wala Singida mjini. Bila stata, gari huwaka kwa kusukumwa: mmoja anakaa kwenye usukani, wengine wanasukuma. Mimi nilikuwa mmoja.

Baba alilijua hilo. Siku zote aliegesha mteremkoni, pua ikitazama bondeni, ili asimwombe mtu. Lakini wa mwisho kuliendesha nilikuwa mimi, siku tuliyomzika, na nililiacha uani, mahali tambarare, nikikimbilia basi.

Nilijaribu peke yangu, bega mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani. Likasogea hatua mbili, likagoma. Mgongo uliniuma wiki nzima. Ndipo nikaenda kwa jirani yangu, tuliyechunga naye mbuzi utotoni, nikamwomba aniletee watu Jumamosi.

"Tutakuja, ndugu yangu," alisema.

Nilinunua vikombe kumi, nikachemsha chai sufuria nzima. Hadi saa sita mchana hakutokea hata mmoja. Chai ile niliinywa siku mbili, mimi na ukaidi wangu. Siku ya tatu nilimfuata jirani nikamuuliza kulikoni, naye hakuficha.

"Huku tunazikana, fundi. Alipokufa mama yangu, ulituma rambirambi kwa simu. Alipokufa mdogo wangu, ukatuma tena. Tulipokea, tunashukuru. Lakini simu haishiki jembe. Kaburi la baba yako tulichimba sisi, wewe ukaja kutia udongo na kuondoka."

Hasira zilinipanda. Hakuwa amenionea, alikuwa amesema kweli, na mimi ukweli huniudhi kuliko uongo. Niliondoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, wanaume tisa waliingia uani kwangu. Jirani alikuwa mbele, macho mekundu. Mkewe alikuwa amefia hospitali, na gari la kumleta nyumbani halikupatikana.

"Fundi, panda," akasema.

Nikapanda. Wakasukuma kimyakimya, nikaachia klachi kwenye gia ya pili, gari likakohoa, likanguruma. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha, na nyuma yangu yuko mtu aliyefiwa. Niliuma midomo hadi barabarani.

Wote tisa walikaa nyuma. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu kwenda, kikawa kitupu kurudi, wakati wamemzunguka marehemu. Nimekaa miezi bila kuona mgeni mlangoni, lakini upweke wa safari ile, na watu tisa garini mwangu, ulinizidi.

Kaburi lilikuwa halijaisha. Niliegesha kwenye mteremko wa makaburini, nikachukua sepetu bila kungoja kuambiwa. Hakuna aliyenisemesha. Mmoja tu alisogea kidogo, nikapata pa kusimama, nikachimba hadi viganja vikachubuka. Tulimzika alasiri ileile.

Gari liliwaka lenyewe kwa ule mteremko. Nilipofika nyumbani nililipeleka moja kwa moja mahali pa baba, pua ikatazama bondeni. Nilikaa ndani injini ikiunguruma. Nikilizima pale, kesho lingewaka bila mimi kumwomba mtu yeyote, na kesho kutwa pia, hadi nami nimfuate baba.

Nikatia gia ya nyuma, nikalirudisha uani, mahali tambarare, nikalizima.